Hodi ya Tatu

Mimi ni mtu wa sinema na sipendi kabisa mtu anayeongea picha ikiendelea. Utanikuta nimekaa safu za mbele, viatu nimevua, miguu nimeikunja kitini, na ukininong'oneza jambo nitakukata jicho ambalo hutanisemesha tena mpaka Idi. Nilianza zamani, hapa hapa Likoni, tulipokuwa tukiingia kibanda cha video, tukabanana kwenye mabenchi na kulia pamoja na Wahindi walioimba huku mvua ikiwanyeshea. Wenzangu walikwenda kucheka na kutupiana maganda ya njugu. Mimi nilikwenda kutazama.

Basi nami mtu huyo nikapewa mama asiyeweza kutazama kitu akanyamaza. Mama huzungumza na televisheni. Msomaji habari akisema hamjambo popote mlipo, mama humjibu hatujambo baba, na wewe je? Wachezaji wa tamthilia huwauliza kama wamekula. Akiona mwizi kajificha nyuma ya pazia humwonya mwenye nyumba, na mwenye nyumba asiposikia, mama hukasirika akaenda zake kuosha vyombo. Hapo mimi huwa nimeshahamia chumbani na simu yangu. Tunapendana sana, lakini kwenye mambo ya picha kila mtu na lake.

Kwa hivyo utanielewa roho ilivyonipwita siku aliporudi kutoka harusini, kanga bado imejaa udi, akaniambia amewatangazia wanawake wa mtaa mzima kwamba picha yake itaonyeshwa kwenye tamasha la filamu, katika ukumbi wetu wa Likoni, na kwamba wote watakuja, tena watakuja na sare.

"Sare ya nini, mama?"

"Ya picha yangu. Dera za zambarau. Fundi ashaanza kushona."

Nikageuka nikajitia kutafuta kitu kabatini. Maana siku ile picha inapigwa mimi nilikuwepo, na nilijua yaliyotokea.

Ilikuwa hivi. Miezi kadhaa nyuma, binti mmoja wa Nairobi alikuja mtaani kwetu na vijana wake wa kamera akitafuta nyumba ya zamani yenye baraza na mlango mzito wa mbao. Yetu inavyo vyote viwili. Yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji, msichana mdogo tu, kofia kichwani, kalamu sikioni, lakini adabu teletele. Kila asubuhi alimwamkia mama shikamoo, na mama hakuhitaji zaidi ya hilo kumpenda. Filamu yake ilikuwa ya kijana aliyekosana na mamake, akaenda zake ng'ambo, akakaa miaka bila kutuma hata salamu, kisha akarudi. Anakuja mpaka mlangoni. Anapiga hodi mara tatu. Ndani mamake amekaa mkekani anachambua mchele, anaisikia sauti ya mwanawe, hajibu. Kijana anageuka, anakwenda zake, picha imekwisha.

Yule binti alimkuta mama ukumbini kwetu na ungo wa mchele wa mchana mbele yake, akamtazama weee, akasema mama wa kwenye picha ni huyu huyu. Aliutaka uso ule. Maneno ya kusema hayakuwepo hata moja. Kazi ya mama ilikuwa kukaa, kuchambua na kunyamaza.

Kunyamaza, eti. Wangeniuliza mimi ningewaambia mapema.

Siku ya kazi tulifukuzwa wote ukumbini. Mimi nikabaki jikoni, nimesimama nyuma ya mlango, namwona mama na ungo wake lakini mlango na nje sivioni. Kamera moja ilikuwa ndani inamtazama yeye, nyingine ilikuwa nje barazani inamtazama kijana. Kukawa kimya. Yule mchezaji, kijana mrefu mwenye mfuko begani, akaja mlangoni akaita, "Hodi."

"Karibu," mama akajibu, bila hata kuinua kichwa.

Binti akasimamisha kazi. Akaja akachutama mbele ya mkeka, akamweleza mama kwa upole kwamba hapo hatakiwi kujibu. Mama akasema ameelewa, wala hapana shida. Wakarudia. Hodi. "Karibu, baba." Wakarudia tena, na tena, na kila mara mama akiomba radhi kwa moyo safi kabisa.

Kwa mtu asiye wa kwetu itabidi nieleze. Hodi ni mara tatu. Ya tatu isipojibiwa, mgeni huondoka, na aibu hubaki kwa mwenye nyumba, hata kama mwenyewe alikuwa bafuni na povu kichwani. Mama ameitikia hodi tangu mimi sijazaliwa: za wauza samaki, za watoto waliotumwa chumvi, za wageni waliopotea njia. Kumwambia aiache hodi ya tatu ipite ilikuwa kumwambia asipepese macho.

"Mama," yule binti akasema, na sauti imeanza kuchoka, "huyu ni mwanao, amekukosea sana. Umemkasirikia."

"Nimekasirika," mama akasema. "Lakini yuwapiga hodi mwana wa watu, nami ninyamaze? Naangie kwanza. Ntamkasirikia akiwa ndani."

Walijaribu mara ya mwisho wakati jua limeshashuka hadi kwenye ukuta wa jirani. Mama alijitahidi, wallahi alijitahidi. Aliuma midomo. Hodi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita, nami kule jikoni nikaanza kumwombea dua. Ya tatu ikaja. Kimya kikakaa, kikakaa, nikaona mabega ya yule binti yanalegea kwa raha. Ndipo mama akasema, taratibu, sauti ile ambayo sisi wanawe tumekua nayo, "Karibu, mwanangu. Pita, mlango u wazi."

Huko nje nikasikia kishindo cha mfuko ukianguka. Nikadhani kijana naye katuchoka.

Hawakurudia tena. Yule binti alimshukuru mama, akamvisha leso mpya mabegani, wakakumbatiana. Lakini walipokuwa wakikunja nyaya zao nilimsikia akimwambia mpiga picha, "Uso wa mama hautumiki. Midomo inatembea kila mara. Tutamtoa."

Mama hakusikia. Yeye jioni ile ile alikwenda nyumba kwa nyumba na leso yake. Wakamuuliza ilikuwaje. Akawaambia walimrudisha mara nyingi mno kwa kupendezwa naye.

Nilisema nitamwambia kesho. Kesho nikasema kesho. Mwisho tamasha likafika na dera za zambarau ziko kwa fundi zinatiwa lasi shingoni, nami bado sijasema kitu. Nikatafuta hila. Tamasha lilikuwa la siku kadhaa, na kabla ya picha ya kwetu kulikuwa na nyingine Shanzu na Kiembeni. Nikaona nimchukue mama huko kwanza, azione filamu zilivyo, ajue kwamba watu hukatwa, kisha nimwambie polepole.

Shanzu walitandika skrini kwenye bustani ya hoteli, kati ya minazi, na viti vimefunikwa vitambaa vyeupe mpaka mtu anaona haya kukaa. Tuliwasili baada ya magharibi, mama kajitia manukato, mimi nimemwapisha njia nzima, tangu kwenye feri, kwamba hatasema kitu. Picha ilikuwa ya nchi ya baridi. Mzee mmoja na mbwa wake wanatembea kwenye theluji kwenda kumzika ndugu yake upande wa pili wa mlima, basi. Hakuna muziki, hakuna anayesema. Viatu tu vikikanyaga theluji, na ile theluji ikivunjika chini yake. Jamani, mimi niliipenda picha ile mpaka nikasahau kupumua. Joto la Shanzu linanitoa jasho kwapani, na bado nilijikuta nimejikunyata kwa baridi ya yule mzee.

"Maskini," mama akanong'ona. "Hana hata shali."

Nikamkata jicho. Akanyamaza muda wa kutosha mtu kunywa kikombe cha chai.

"Yule mbwa wamempeleka wapi?"

Nikatazama, na kweli mbwa hayupo. Alikuwepo kabla ya mto, baada ya mto hayupo, na hakuna aliyemuulizia isipokuwa mama yangu. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikamsogelea, mimi, nikavunja sheria yangu mwenyewe nikaongea picha ikiendelea.

"Wamemkata, mama. Filamu hukatwa. Wako wanaopigwa picha siku nzima na wasionekane hata kidogo."

Mama akafikiri. "Maskini mbwa yule," akasema. "Bora mimi niko mwisho. Mwisho haukatwi."

Nilirudi Likoni na siri yangu kama nilivyotoka nayo.

Kiembeni ilikuwa mambo mengine. Huko walionyesha filamu fupi fupi kwenye ukumbi wa shule, mchana, madirisha yamezibwa magunia, na mtaa mzima umekuja na watoto. Akina mama wa mtaani, wenye masuke ya mahindi ya kuchoma mikononi, wamekaa sako kwa bako na wafanyakazi wa mahoteli waliokuwa kwenye siku yao ya mapumziko. Ya kwanza ilikuwa katuni iliyochorwa na wanafunzi. Kunguru wa Mombasa anaiba sambusa kwenye harusi, anafukuzwa nayo mpaka kwa kadhi, na kadhi naye anaichovya kwenye ndimu anaila. Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka na waliokaa juu yake. Nilipogeuka kukemea kelele nikagundua aliyekuwa akicheka kuliko wote ni mimi.

Kisha ikaja ya mapenzi. Vijana wawili, mshona viatu na muuza maua, wanatazamana picha nzima kutoka pande mbili za barabara, magari yanapita katikati. Mwongozaji kaifanya barabara ile iwe pana hata ukahisi hawatavuka. Mwisho wakavuka. Wakashikana mikono, na nyuso zikaanza kukaribiana.

Ukumbi mzima ukasema, "Aaah-ah." Mama akajifunika uso kwa leso yake kuukuu. Mimi namjua. Ile leso ameifua miaka, ni nyepesi, mtu anaona kila kitu.

"Wamemaliza?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi nitangoja," akasema, na leso haikutikisika.

Mama mmoja wa nyuma yetu akamwambia yule kijana wa kwenye skrini aende kwanza akaonane na wazazi. Mwingine akajibu kwamba wazazi wako mbali, barabara yenyewe imemchukua saa nzima. Kicheko kikazuka tena. Nami nikawa nimekaa pale, mtu wa kuwakemea watu, nikitamani wasinyamaze. Picha ya mapenzi kama ile ningeitazama kwa simu peke yangu chumbani ningeiona nzuri. Pale Kiembeni nilitoka nayo mashavu yakiniuma, na mama kanishika mkono akiniuliza kama wale vijana walioana kweli.

Ningemwambia siku hiyo. Alikuwa na furaha mno. Sikuweza.

Siku ya Likoni ikafika, mchana baada ya alasiri. Wanawake wa mtaa walitoka kwa pamoja, zambarau tupu barabara nzima, kila mmoja na kanga yake kiunoni. Bodaboda wakasimama kuwapisha. Mama katikati, na ile leso ya binti wa Nairobi mabegani, anasalimia kulia na kushoto. Mimi pia nilivaa dera. Ningekataa vipi?

Ukumbini nilimwona yule binti mlangoni, kofia ile ile, anahangaika na waya wa spika. Nikamvuta kando.

"Dada, niambie ukweli. Mama yumo?"

Akaona zile zambarau zinaingia, zinaingia, haziishi. Uso ukamshuka. "Samahani, dada yangu," akasema. "Uso wake haumo. Nilijaribu sana. Lakini—" Hapo waya ukatoa cheche, mtu akamwita kwa kelele, akakimbia.

Nikaenda kukaa karibu na mama. Alikuwa amechagua kiti cha pili kutoka ujiani, safu ya nyuma kabisa, kwa sababu mama alitaka kuwaona wote wakimtazama. Hilo ndilo lililonichoma. Alitaka kuziona nyuso zao atakapotokea. Nikajiambia ni sasa au haitakuwa tena.

"Mama. Nisikize. Huenda usionekane."

"Nyamaa," mama akaniambia. "Picha yaanza."

Maisha yangu yote sijawahi kunyamazishwa kwenye sinema. Nikanyamaza.

Nikiri kwamba picha ilikuwa nzuri. Nilitaka kuichukia, ikanishinda. Mtaa wetu ulitokea mkubwa kuliko ulivyo, ukuta wenye ukungu, mferejini maji yanadondoka, paka wa jirani anakatiza mbele ya kamera kama kalipwa. Kila kitu kilipotokea ukumbi ulikipokea kwa jina. Ule mlango wetu. Ile ngazi ya fulani. Lile dera limeanikwa pale ni la nani? Lile ni langu, na ningejua ningelianua. Kisha ugomvi, sauti tu nyuma ya ukuta, na kijana anatoka na mfuko begani. Ng'ambo yake ilikuwa chumba kimoja na dirisha linalotazama ukuta. Hapo watu walitulia. Hakuna nyumba katika mtaa wetu isiyo na mtu aliye ng'ambo.

Akarudi. Akapita barabarani kwetu, hamsalimii mtu, macho chini. Akafika barazani. Kamera ikasimama mbele ya uso wake, karibu, na pale nikaelewa. Haitaingia ndani. Itabaki nje na yeye mpaka mwisho.

"Hodi," akasema.

Kimya. Zile safu za zambarau zikajinyoosha shingo, zikimtafuta mama kwenye skrini.

"Hodi."

Kimya. Mama alikuwa amenishika goti, na vidole vimeingia nyamani. Nikamtazama. Alikuwa ameuma midomo. Ameambiwa anyamaze, na safari hii amekusudia kuitimiza ahadi yake mbele ya watu wote. Mimi machozi yashanijaa. Nilikuwa nikimwonea huruma hata sijui niiweke wapi.

"Hodi," kijana akasema mara ya tatu, chini kabisa, kama mtu asiyetaka kusikiwa.

Akangoja. Hakuna kilichosikika. Nikamwona kijana ameanza kugeuka, bega limeshauacha mlango, mguu umeshaondoka.

Mama akashindwa.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Pita, mlango u wazi."

Na kutoka kwenye spika zote mbili za ule ukumbi, kwa sauti ile ile, maneno yale yale, nusu pumzi tu nyuma yake, mama yangu akasema, "Karibu, mwanangu. Pita, mlango u wazi."

Mfuko wa kijana ukaanguka barazani. Kishindo kile nilikijua. Kijana akasimama, hajui acheke au alie, akavifanya vyote viwili, na haikuwa kuigiza, mtu yeyote angeona haikuwa kuigiza. Siku ile alikuwa ameshaanza kwenda zake, kama alivyoagizwa, na mtu akamkaribisha. Akaufuta uso kwa kiganja, akavua viatu, akaingia. Skrini ikawa nyeusi.

Vigelegele vilivyopigwa pale hata harusini sijavisikia. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, mimi, napiga vigelegele mpaka sauti imenikauka, namwambia mtu nisiyemjua huyu ni mama yangu, huyu ni mama yangu, taa hazijawashwa na majina bado yanapita.

Mama alikuwa bado amekaa. Ananivuta dera.

"Sasa mbona sikuonekana?" akaniuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Nimetazama vyema. Sikuonekana hata mkono."

Nikashuka kitini nikamwinamia. Na taa zikawashwa.

Ukumbi mzima ulikuwa umeipa skrini mgongo. Zambarau zote, na vijana wa bodaboda waliochungulia mlangoni, na yule binti wa Nairobi mwenye kofia mkononi, na safu za mbele ambako mimi huwa nakaa, watu wamepanda juu ya viti, wengine wamewabeba watoto mabegani ili nao waone. Wote wanatazama nyuma, kwetu, kwenye kiti cha pili kutoka ujiani.

"Watazame, mama," nikamwambia.

Mama akawatazama, mmoja mmoja, polepole. Akaitengeneza leso yake mabegani. Kisha akawauliza kama wamekula.